Malipo ya kampuni za vipimo kwa madaktari yakomeshwe kwa sheria

Maabara ya Health Diagnostic Laboratory ya Richmond, jimbo la Virginia nchini Marekani, ilikuwa ikiwalipa madaktari dola 17 kwa kila sampuli ya damu waliyoipeleka. Juu yake iliongeza dola 3 za kumtoa mgonjwa damu. Kwenye makaratasi malipo hayo yaliitwa gharama za kuandaa na kushughulikia sampuli. Serikali ya Marekani iliyachunguza ikayaita rushwa, na mahakama ikakubaliana nayo.

Mwaka 2015 maabara hiyo ilikubali kulipa dola milioni 47 ili kumaliza madai ya Serikali, na haukupita muda ikafilisika. Januari 2018, katika mahakama ya Charleston, jimbo la South Carolina, mwanzilishi wake na wakuu wawili wa kampuni iliyoitafutia wateja walikutwa na baraza la wazee wa mahakama, katika kesi ya madai, kuwa waliilaghai bima ya Serikali. Hukumu dhidi yao ilizidi dola milioni 111. Msingi wake ulikuwa mwepesi kueleweka: daktari akishalipwa ili apeleke damu, kila ankara inayofuata imechafuka.

Katika jimbo la New Jersey mambo yalikuwa wazi zaidi. Maabara ya Biodiagnostic Laboratory Services ya Parsippany iliwapa madaktari fedha taslimu, ikawalipa kodi ya vyumba isivyovihitaji, ikasaini nao mikataba ya ushauri usiotolewa. Biashara iliyoletwa na utaratibu huo ilizidi dola milioni 100. Waendesha mashtaka walipofunga jalada, watu zaidi ya 50 walikuwa wametiwa hatiani. Wengi wao walikuwa madaktari, na baadhi walikwenda jela.

Waliotengeneza mashine na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, hawakuwa nyuma. Kampuni tanzu ya Diagnostic Products Corporation mjini Tianjin, China, iliwalipa madaktari na wataalamu wa maabara wa hospitali za umma takriban dola milioni 1.6 kati ya mwaka 1991 na 2002. Kiwango cha kawaida kilikuwa kati ya asilimia 3 na 10 ya mauzo, na maofisa wa mauzo walizipeleka fedha hizo mkono kwa mkono. Vitabu vya hesabu viliziandika kama gharama za mauzo. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilikiri kosa mbele ya sheria ya Marekani.

Bio-Rad Laboratories, kampuni kubwa ya California inayouza mashine na vitendanishi vya maabara, ilifuata njia ndefu kidogo. Nchini Vietnam iliwauzia wasambazaji bidhaa kwa bei ya chini mno. Wasambazaji waliziuza kwa taasisi za Serikali kwa bei kamili, na sehemu ya tofauti hiyo ikarudi mifukoni mwa waliofanya uamuzi wa kununua. Ofisa mmoja wa kampuni alipohoji, mwenzake aliyesimamia soko la huko alijibu kuwa huo ndio utaratibu wa nchi, na kwamba ukiachwa, kampuni itapoteza asilimia 80 ya mauzo yake. Malipo yakaendelea. Novemba 2014 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 55 kwa makosa yake ya Vietnam, Thailand na Urusi.

Kesi hizi zimetajwa kwa sababu zimekwisha, ushahidi wake uko wazi na hukumu zake zinasomeka. Si kwa sababu maovu haya yako mbali. Mfumo uliozizalisha ndio uliopo Afrika Mashariki: kampuni ya nje, wakala wa ndani, hospitali isiyo na bajeti ya kutosha na mtaalamu mwenye kalamu. Kinachotofautiana ni kwamba huko kuna aliyefungua vitabu vya hesabu.

Swali la msingi katika jambo hili ni nani anayechagua na nani anayelipa. Mnunuzi wa sukari huchagua duka, akaiona sukari, akalipa kwa fedha yake. Mgonjwa hachagui kipimo, hajui bei yake halisi na hawezi kupima ubora wa majibu. Anayechagua ni daktari. Anayelipa ni mgonjwa, bima au Serikali. Kampuni inayotaka kuuza zaidi haina haja ya kumshawishi mgonjwa wala mlipaji. Inatosha kumfikia mtu mmoja mwenye kalamu. Ndiyo maana fedha inayomfikia mtu huyo kutoka kwa muuzaji haiwezi kuwa jambo dogo, hata ikiwa ndogo.

Madhara ya kwanza humwangukia mgonjwa. Mwenye homa aliyefika zahanati na shilingi za nauli na dawa anaondoka amelipia vipimo vitano wakati viwili vingetosha. Chukua kipimo cha Widal cha homa ya matumbo. Katika nchi ambazo ugonjwa huo umeenea, kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kuthibitisha lolote, kwa kuwa kinaweza kuonyesha maambukizi ya zamani au chanjo. Wataalamu wanalijua hilo. Hata hivyo maelfu ya wagonjwa hurudi nyumbani na karatasi inayosema wana malaria na taifodi kwa pamoja, wakiwa na viuavijasumu ambavyo huenda hawakuvihitaji. Si kila kipimo cha namna hiyo kimeandikwa kwa kamisheni. Lakini penye kamisheni, hakuna wa kusema kisiandikwe.

Madhara ya pili huangukia mfuko wa pamoja. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya ilitunga Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii mwaka huo huo, na Mamlaka yake ikaanza kazi Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima wa nchi hiyo, NHIF. Serikali zote mbili zinawaomba wananchi, wakiwamo mamalishe na madereva wa bodaboda, wachangie kabla hawajaugua. Ombi hilo haliwezi kutetewa ikiwa sehemu ya michango inageuka bahasha ya daktari kwa kupitia ankara ya maabara. Mfuko wa bima hauna fedha nyingine zaidi ya ile iliyotoka kwa wanachama.

Madhara ya tatu ni kwa wale wasiopata kipimo kabisa. Kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu uchunguzi wa magonjwa ilikadiria mwaka 2021 kuwa asilimia 47 ya watu duniani hawana huduma ya vipimo au wanayo kwa kiasi kidogo sana. Hali ni mbaya zaidi katika zahanati za vijijini. Kila shilingi inayotumika kwa kipimo kisichohitajika mjini ni shilingi iliyokosekana kwa kipimo kinachohitajika kijijini. Anayepokea kamisheni haibii kampuni ya bima peke yake.

Wanaofanya kazi katika sekta hii wanajua jinsi mambo yanavyokwenda. Njia ya kwanza ni rufaa: kituo cha uchunguzi au maabara binafsi huwapa madaktari fomu zake za rufaa. Kwenye fomu kuna mahali pa jina au namba ya aliyemtuma mgonjwa. Namba hiyo haina kazi yoyote katika kupima damu wala katika kusoma picha ya ultrasaundi; majibu yangeweza kurudi kwa jina la kituo tu. Lakini panapolipwa kamisheni, mwisho wa mwezi ndiyo inayojumlishwa. Mkaguzi anayetaka kuujua ukweli hahitaji mtego wa usiku. Anahitaji kuomba daftari la rufaa na daftari la malipo, akayaweka mezani pamoja.

Njia ya pili ni mashine. Kampuni huileta mashine ya kupima damu hospitalini bila hospitali kuinunua, kwa sharti kwamba hospitali itanunua vitendanishi vyake kwa miaka kadhaa na kwa kiwango cha chini kilichokubaliwa. Utaratibu huu si haramu. Hospitali isiyo na fedha za kununua mashine hupata huduma mapema, na kampuni hubeba mzigo wa matengenezo. Katika nchi nyingi ndivyo maabara zinavyoendeshwa, na hakuna ubaya ikiwa hesabu zake zimewekwa wazi.

Ubaya uko kwenye yale yanayofichwa. Mashine nyingi za aina hii ni za mfumo funge: hazikubali kitendanishi cha kampuni nyingine. Bei ya mashine ambayo haikuonekana imegawanywa ndani ya bei ya kila chupa. Vitendanishi vikiisha na hospitali ikawa na deni, mashine husimama, hata kama bohari ina vitendanishi vya kampuni nyingine vya kipimo hicho hicho. Wagonjwa hupelekwa maabara ya mtaani, wengine hukata tamaa. Hospitali iliyopokea mashine ya bure hugundua katika mwaka wa pili kwamba imefungwa mikono.

Maswali ya kuuliza yako wazi. Nani alisaini mkataba huo: taasisi kwa kupitia bodi yake ya zabuni, au mkuu wa maabara peke yake? Bei ya kipimo kimoja kilichokamilika, pamoja na vilivyoharibika na vya kuhakiki ubora, ni kiasi gani? Kampuni nyingine zilipewa nafasi ya kushindana? Na aliyeipendekeza mashine amepokea nini kutoka kwa aliyeileta katika miezi 12 iliyotangulia? Mkataba usioweza kujibu maswali hayo manne haupaswi kuendelea.

Njia ya tatu ndiyo yenye heshima zaidi na kwa hiyo ndiyo ngumu kuikemea: mafunzo, semina na makongamano. Mtaalamu anahitaji kujifunza mashine mpya, na kampuni iliyoitengeneza ndiyo inayoijua vizuri. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka mafunzo hayo yafutwe. Lakini mafunzo ya siku moja yanayofanyika katika hoteli ya ufukweni kwa siku nne, pamoja na posho inayozidi mshahara wa wiki, yamekwisha kuwa kitu kingine. Na kampuni inapomchagua yenyewe daktari wa kumpeleka kongamano la nje, haichagui aliye na haja ya kujifunza. Inamchagua anayeandika.

Kampuni zenyewe zimelikiri hilo. MedTech Europe, chama kinachounganisha watengenezaji wa vifaa tiba na wa vipimo barani Ulaya, kilibadili kanuni zake za maadili na kuanzia Januari 1, 2018 kikawapiga marufuku wanachama wake kumlipia daktari mmoja mmoja gharama za kuhudhuria makongamano yanayoandaliwa na wengine. Fedha ya elimu hupewa taasisi, na taasisi ndiyo inayoamua nani aende. Hoja hapa haina utata: ikiwa utaratibu huo wa zamani haukufaa kwa daktari wa Ubelgiji au Ujerumani, hakuna sababu ya kumfaa daktari wa Mwanza, Kisumu au Mombasa.

Hata hivyo kanuni za chama cha wafanyabiashara zina kikomo. Humbana mwanachama, si wakala wake wa ndani asiye mwanachama. Hutungwa na walewale wanaotakiwa kuzitii, na adhabu yake kubwa ni kutengwa na chama. Kampuni iliyotozwa dola milioni 55 haikukosa kitabu cha maadili. Ilikosa utekelezaji, kwa kuwa faida ya kuvunja kanuni ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kuzivunja. Hesabu hiyo hubadilishwa na sheria, si na semina za maadili.

Utetezi wa malipo haya unajulikana na umezeeka. Wa kwanza ni kwamba mshahara wa daktari hautoshi. Ni kweli kwamba madai ya madaktari na wataalamu wa maabara yamepuuzwa kwa muda mrefu, na Serikali zinazochelewesha stahiki zao hazina haki ya kujifanya watakatifu. Lakini mshahara mdogo hudaiwa kwa mwajiri. Kuudai kwa mgonjwa bila yeye kujua ni kumtoza kodi asiyoidhinisha mtu yeyote.

Utetezi wa pili ni desturi: ni asante tu, ni chai, mkono mtupu haulambwi. Tanzania ilikwisha kulijibu jambo hilo mahakamani. Sheria ya Uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima kwa wapiga kura, ikitetewa kama ukarimu wa kawaida wa Mwafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake. Ukarimu unaotolewa na anayetaka uamuzi kwa anayetoa uamuzi ulikataliwa kwa mwanasiasa. Hauwezi kukubaliwa kwa muuza vitendanishi.

Utetezi wa tatu ni kwamba daktari hapotoshwi na kalamu, chakula cha mchana au tiketi ya ndege. Kampuni haziamini hivyo, ndiyo maana zinalipa. Idara ya mauzo haitoi fedha mwaka baada ya mwaka kwa kitu kisichorudisha faida.

Kenya inatoa funzo la jirani. Februari 2015 Serikali ilisaini mikataba ya kukodi vifaa tiba, vikiwamo vya radiolojia, kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti, kwa takriban shilingi bilioni 38 za Kenya kwa miaka saba. Makato ya kila kaunti yalianza na shilingi milioni 95 kwa mwaka yakapanda hadi milioni 200. Baadhi ya vifaa vilifika mahali ambapo hapakuwa na umeme wa uhakika, chumba wala mtaalamu wa kuvitumia. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mradi huo iliulaani mwaka 2020 kwa ununuzi uliogubikwa na usiri. Magavana walikuwa wamelalamika mapema kwamba walikatwa fedha kwa mikataba ambayo hawakuiona.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Kenya iligeukia mpango mwingine, ambao mwenye mashine hulipwa kwa kadiri mashine inavyotumika. Mpango huo unatibu tatizo la mashine kukaa bila kazi. Unaleta jingine: sasa mwenye mashine ananufaika kila mgonjwa anapoandikiwa kipimo. Hilo si kosa kwa lenyewe, lakini ni sababu ya kuweka ukuta mrefu kati ya mwenye mashine na mwenye kalamu. Bila ukuta huo, mtego ule wa dola 17 utakuwa umetegwa upya kwa fedha za bima ya umma.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 haimhusu mtumishi wa umma peke yake. Inamgusa pia anayepokea hongo katika shughuli za mwajiri au mkuu wake katika sekta binafsi. Sheria ya Rushwa ya Kenya ya mwaka 2016 inazitaka hata kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia rushwa. Mabaraza ya kitaaluma ya nchi zote mbili yana kanuni za maadili na mamlaka ya kumfutia mtu usajili. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitumia.

Matokeo yake ni danadana. Baraza la madaktari husubiri malalamiko. Mgonjwa hawezi kulalamikia kamisheni asiyoijua. Mfuko wa bima huhoji ankara, si sababu ya ankara. Mamlaka ya vifaa tiba hukagua ubora wa mashine, si njia iliyoifikisha hospitalini. Taasisi ya kupambana na rushwa inamfuatilia askari wa barabarani na karani wa ardhi, wakati mkataba wa miaka mitano wa vitendanishi unapita bila kuulizwa. Kila ofisi ina kipande cha jukumu na hakuna yenye jukumu lote.

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na Washington. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1977 dhidi ya rushwa ya nje iliyozinasa kampuni zilizohonga Tianjin na Vietnam, si sheria za China wala za Vietnam. Na faini iliingia katika hazina ya Marekani. Hospitali za Vietnam zilizouziwa bidhaa kwa bei iliyobeba hongo hazikuona hata senti ya dola zile milioni 55. Hicho ndicho kinachompata anayemwachia mwingine kazi ya kulinda nyumba yake.

Sasa hata mlinzi huyo amepunguza mwendo. Februari 2025 Rais Donald Trump aliamuru utekelezaji wa sheria hiyo usitishwe kwa muda ili upitiwe upya, na miongozo iliyotolewa Juni mwaka huo imeweka mbele maslahi ya Marekani na ya kampuni zake. Nchi ambayo ilitegemea mwendesha mashtaka wa Marekani kuiambia ni nani aliyehongwa katika hospitali zake haina tena utetezi huo.

Yanayopasa kufanyika hayahitaji tume wala safari ya mafunzo.

Kwanza, malipo yoyote yanayotegemea idadi ya wagonjwa au sampuli zilizopelekwa yatajwe kwa jina katika sheria na yapigwe marufuku, awe mlipaji ni maabara, kituo cha uchunguzi, mtengenezaji au wakala. Marekani ilitunga sheria ya kumzuia daktari kupeleka wagonjwa katika maabara anayonufaika nayo tangu mwaka 1989, na maabara ndizo zilizokuwa shabaha yake ya kwanza. Marufuku hiyo iwaguse pia madaktari wenye hisa au ndugu wenye hisa katika maabara wanazozielekezea wagonjwa, labda kama maslahi hayo yametangazwa na mgonjwa ameambiwa kwa maandishi.

Pili, kuwe na daftari la umma la malipo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inazilazimisha kampuni za dawa na vifaa tiba kutangaza zinachowapa madaktari, na tangu 2014 mwananchi anaweza kutafuta jina la daktari wake akaona alilipwa nini na nani. Ufaransa ilifanya vivyo hivyo mwaka 2011 baada ya kashfa ya dawa ya Mediator. Posho, tiketi, hoteli, ada ya ushauri na zawadi viingie daftarini, vikiwamo vile vinavyopitia kwa wakala. Anayeona aibu malipo yake yasomwe na wagonjwa wake anajua tayari hukumu yake.

Tatu, kila mkataba wa mashine iliyowekwa hospitalini kwa sharti la vitendanishi usainiwe na taasisi kwa kupitia zabuni, uonyeshe bei ya kipimo kimoja kilichokamilika, na uchapishwe. Mikataba iliyopo ipitiwe ndani ya miezi sita. Mfumo wazi, unaokubali vitendanishi vya kampuni nyingine, upewe kipaumbele pale ambapo ubora wake umethibitishwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha ya vipimo muhimu tangu mwaka 2018. Wizara za afya zifanye orodha zao za kitaifa za vipimo muhimu ziwe msingi wa ununuzi, ili mashine zichaguliwe kwa mahitaji ya wagonjwa badala ya ukarimu wa muuzaji.

Nne, fedha ya mafunzo ipelekwe kwa taasisi, si kwa mtu. Taasisi ichague mhudhuriaji kwa vigezo vilivyoandikwa, na anayeketi katika kamati ya ununuzi asihudhurie hafla ya mzabuni wakati zabuni iko mezani wala katika mwaka unaofuata.

Tano, mifuko ya bima itumie takwimu zake. Kila ankara ina jina la aliyeandika kipimo na la aliyekifanya. Daktari ambaye karibu wagonjwa wake wote huishia katika maabara moja iliyo mbali, au ambaye huandika vipimo maradufu ya wenzake wenye wagonjwa wa aina hiyo hiyo, aitwe aeleze. Huenda ana sababu nzuri. Aieleze.

Sita, watoa taarifa walindwe kwa vitendo. Kesi ya maabara ya Richmond ilianza na watoa taarifa. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Mtaalamu wa maabara anayejua mkataba wa siri ulipo anatakiwa aione ikifanya kazi kabla hajafungua mdomo. Akihamishiwa kituo cha mbali wiki moja baada ya kusema, hakuna mwingine atakayesema.

Saba, adhabu imfikie kila aliyeshiriki. Kampuni iliyothibitika kutoa hongo izuiwe kushiriki zabuni za umma kwa kipindi kinachouma, pamoja na wakala wake na wamiliki wa wakala huyo, ili wasirudi kesho kwa jina jipya. Mtaalamu aliyepokea afikishwe mbele ya baraza lake na mbele ya mahakama. Kimoja kisiwe mbadala wa kingine. Fedha iliyorejeshwa iende katika mfuko wa bima au hospitali iliyoumizwa.

Madaktari na wataalamu wa maabara walio waaminifu, ambao ni wengi, wana sababu ya kuyadai haya kabla ya mtu mwingine yeyote. Wao ndio wanaonyimwa wagonjwa kwa kutolipa kamisheni, na wao ndio wanaoonekana wajinga mbele ya wenzao kwa kukataa bahasha. Vyama vyao vya kitaaluma visijifiche nyuma ya mshikamano. Chama kinachomlinda mpokea hongo kinawauza wanachama wake wengine.

Wizara za afya, mabaraza ya kitaaluma, mifuko ya bima na taasisi za kupambana na rushwa zina mamlaka ya kuanza sasa, nyingi kati ya hatua hizi bila kusubiri Bunge. Zile zinazohitaji Bunge zipelekwe katika kikao kijacho. Daktari anayelipwa na muuzaji wa kipimo hana uhuru wa kumwambia mgonjwa kwamba kipimo hicho hakihitajiki. Ofisi inayolijua hilo na kukaa kimya nayo ihesabiwe kuwa mshiriki.